Mzabuni au kamati ya pamoja? Tathmini ya jiko na usafi katika shule za bweni Mwanza

Shule ya bweni ya serikali huku Nyamagana, Ilemela au Magu ina njia mbili za kuendesha jiko na usafi. Ya kwanza ni kumkabidhi mzabuni kila kitu. Ya pili ni kubaki na wapishi na wahudumu wake, kisha mambo yaamuliwe na kamati ya pamoja: mkuu wa shule, mhasibu, mtunza stoo, wapishi wawili, na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kama TALGWU (cha watumishi wa serikali za mitaa) pale kilipo. Kwa jiko tunaipa kamati alama 7 kati ya 10, mzabuni 4. Kwa kunyonya vyoo mzabuni anashinda bila ubishi.

Tuanze na jiko, maana ndiko pesa inakovujia. Chukua wanafunzi 600. Ugali wa gramu 250 za unga kwa kila mmoja ni kilo 150, yaani mifuko 6 ya kilo 25 kwa mlo. Maharage gramu 80 makavu ni kilo 48. Mzabuni anayelipwa kwa kichwa hawezi kupunguza vichwa, kwa hiyo anapunguza gramu: kilo 48 zinashuka hadi 35, maji yanaongezwa, na sufuria inaonekana imejaa vilevile. Mkataba ulioandikwa "mlo kamili" bila gramu haumbani popote.

Kisha kuna dagaa. Kule Mwaloni Kirumba utapata waliokaushwa kwenye chanja na waliokaushwa mchangani. Wa mchangani ni rahisi kwa bei, ila mchanga nao unapimwa kwenye mizani. Kuwakagua ni kazi ndogo: pima kilo moja, mwaga kwenye ndoo ya maji, koroga, acha mchanga utue, opoa dagaa, waanike wakauke kabisa, pima tena. Pengo lililobaki ndilo mlilonunua kama chakula. Mpishi mzoefu analijua kwa kushika kiganjani tu, lakini mpishi aliyeajiriwa na mzabuni hatasema, kwa sababu aliyenunua ni bosi wake. Mpishi wa kamati anakataa mzigo getini na kusaini kwamba ameukataa. Hakikisheni tu mizani ina stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu.

Kwenye bei, wengi hulinganisha mishahara ya wapishi na namba ya zabuni, basi. Mzabuni aliyesajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, anaiongeza juu ya bei, na shule haina pa kuidai irudi. Tena anajua fedha za serikali huchelewa, kwa hiyo kusubiri kwake ameshakuweka ndani ya bei. Haki yake tumpe: mwenye mtaji hulisha shule mwezi mzima bila kulipwa. Kamati isiyo na akiba ya unga na maharage ya wiki 3 stoo haiwezi, na muuza duka hatakopesha kwa kusikia neno kamati.

Kuwaachisha wapishi nako kuna gharama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mashauriano kabla ya kupunguza wafanyakazi, na kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Mpishi wa miaka 8 anadai siku 56, mbali na notisi.

Kamati nayo huoza. Leja ikikaa kabatini kwa mhasibu, wapishi wanabaki kunywa chai na kusaini mahudhurio. Leja ya stoo isomwe kila Ijumaa mbele ya wote: kilichoingia, kilichotoka, idadi ya waliokula. Na suala la chakula cha wapishi liandikwe wazi: kama wanakula kazini, na nini kifanyike na makombo. Likiachwa kimyakimya, kilo 2 za mchele hutoka kila jioni ndani ya ndoo ya ukoko.

Usafi una ugonjwa uleule wa jiko. Chicago walikabidhi usafi wa shule kwa makampuni mwaka 2014, na haukupita muda walimu wakuu wakalalamikia uchafu. Hapa kwetu mkataba hutaja "usafi wa vyoo" bila kusema matundu mangapi, mara ngapi kwa siku, na nani anunue maji bomba likikauka. Maji yakikatika, mfanyakazi wa kampuni anakaa kivulini, wala hakosei: hakuna kilichoandikwa.

Kunyonya mashimo waachieni wenye magari. Lipeni kwa tripu, si kwa mwezi. Aliyesimamia asaini wakati gari linaingia na linatoka, na risiti ya kumwaga kwenye mabwawa ya majitaka iambatanishwe kabla ya malipo kufanyika. Bila risiti hiyo, mzigo huenda umeishia mtoni.