Nimeruka na parachuti kuchangia hospisi iliyomlea Bibi, uzoefu wangu

Wadau, nimejirusha toka kwenye ndege, futi 13,000, huku Uingereza, kuchangisha hela za hospisi, yaani sehemu ya kuuguzia wagonjwa wasiotegemewa kupona, iliyomlea Bibi yangu wiki zake za mwisho. Nyota nne kati ya tano.

Nianze na hela maana huko ndo kuna mambo. Hospisi za huku hazimtozi mgonjwa, sehemu kubwa ya hela wanayoendeshea ni michango ya watu, sasa ukijiandikisha kuna njia mbili, ujilipie kuruka mwenyewe ama uchangishe kiwango walichopanga halafu gharama ya kuruka ikatwe humo humo. Mi nilijilipia. Siwezi kumwambia shangazi atoe paundi kumi za Bibi halafu nusu iende kwenye mafuta ya ndege. Nilivyotuma linki ya kuchangia kwenye grupu la ukoo mjomba akajibu, "Mchango wa harusi naujua, wa msiba naujua, huu wa kujirusha ndo nausikia leo." Ila alitoa.

Nyota niliyokata ni ya kusubiri. Mara ya kwanza mawingu, tumekaa toka saa mbili asubuhi mpaka saa kumi tukaambiwa rudini nyumbani, mara ya pili upepo. Hali ya hewa sio kosa lao, lakini si mtume hata meseji mapema jamani, watu tunatoka mbali.

Siku yenyewe sasa. Mafunzo nusu saa tu, unafungwa kifuani kwa instrakta na yeye ndo anafanya kila kitu, wewe kazi yako kukunja miguu nyuma kama ndizi na kunyanyua kichwa. Kanga ya Bibi nilitaka niivae shingoni wakakataa, hawataki kitu kinachoning'inia, nikajifunga kiunoni ndani ya ovaroli. Mlango ukafunguliwa, baridi hiyo, nikasema mi narudi, jamaa keshasogea zamani. Mnashuka kama kilomita 190 kwa saa, sekunde arobaini na kitu hivi, na ajabu tumbo halipandi kama kwenye bembea, ni upepo tu na kelele. Parachuti likifunguka, kimyaaa. Hapo ndo nililia. Dakika tano mnaelea, mnatua kwa matako.

Video inalipiwa pembeni, chukueni tu. Mama ameiangalia mara moja akauliza kanga ya mamake mbona haionekani.