Mafunzo ya kuanzisha biashara ya usanifu wa ndani, Kisumu

Mafunzo haya ya jioni, yanayotolewa katikati ya jiji kwa wanaotaka kuanza biashara ya kupamba nyumba na ofisi, yana thamani hasa katika somo la bei: mkufunzi alitandaza mezani ankara ya sebule moja, akatenganisha ada ya ubunifu na gharama za vifaa na mafundi, kisha akaeleza kwa nini malipo ya awali hudaiwa kabla kitambaa cha pazia hakijakatwa. Usajili wa jina la biashara kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na leseni ya kaunti viligusiwa upesi, na kwa maoni yangu inatosha. Kilichonikera ni sampuli, zote za kuagizwa kutoka nje, ilhali katika soko la Kibuye kuna maseremala hodari na wasusi wa hapa hufuma viti kwa gugumaji la ziwani. Hata hivyo, anayeanza kwa mtaji mdogo ningemshauri ajiandikishe.