Rangi za maji au kishikwambi kwa mfululizo wa Sungura na Fisi?

Kitabu cha picha cha watoto kwa kawaida huwa na kurasa 32, hivyo anayejiandikia na kujichorea mfululizo wa vitabu vinne huenda akamchora Sungura zaidi ya mara 100. Kwa gharama ya kuanzia, karatasi nzito, brashi na rangi za maji hushinda, ingawa karatasi huisha na kununuliwa tena. Katika kulinda sura ya mhusika, kishikwambi kiko mbele: madoa ya Fisi hunakiliwa yalivyo, ilhali kwa mkono doa la begani huhama bila mchoraji kujua, na mtoto wa miaka 5 ndiye atakayeuliza limekwenda wapi. Hata hivyo, rangi ya maji inayosambaa kwenye karatasi iliyolowa huyapa manyoya ulaini ambao programu, kwa maoni yangu, bado huuiga tu. Kuhusu matunzo, karatasi huogopa unyevu na mchwa. Faili nazo hupotea zisipohifadhiwa mahali pawili, na kijani kinachong'aa kwenye skrini hufifia kikichapwa kwa wino wa rangi nne. Mwenye subira na hadithi fupi moja aanze na brashi, lakini ambaye mhariri wake humrudishia kurasa kila wiki atakihitaji kishikwambi.