Tusome: Huduma Iliyomtoa Afisa Ofisini

Miongoni mwa huduma za kusoma zilizowahi kupelekwa katika madarasa ya chini nchini Kenya, Tusome inastahili kupimwa kwa makini, kwa kuwa haikuishia katika shule chache za majaribio. Ilianza mwaka 2015 katika shule za msingi za umma kote nchini, baada ya PRIMR, mradi wa majaribio wa kusoma na hisabati, kuzijaribu mbinu zake kati ya 2011 na 2014, ikiendeshwa na Wizara ya Elimu pamoja na RTI, shirika la utafiti la Marekani, kwa ufadhili wa Marekani na Uingereza.

Vitabu ndivyo vilivyosifiwa zaidi, na sifa hizo ni za haki. Kila mtoto alilengwa apate kitabu chake cha Kiswahili na chake cha Kiingereza, badala ya watatu kunyoosha shingo juu ya kimoja. Mwongozo wa mwalimu nao ulipanga somo la kila siku hatua kwa hatua, kuanzia sauti za herufi na silabi hadi hadithi fupi na maswali yake. Wapo walimu wazoefu walioona kwamba unawafunga mikono, na hoja yao si nyepesi; ila kwa mwalimu mwenye darasa lililofurika, ambaye chuoni hakuonyeshwa namna ya kumfunza mtoto kusoma, nauhesabu kuwa msaada.

Kilichonishawishi zaidi, hata hivyo, ni kazi ya afisa wa mtaala wa zoni, anayewasaidia walimu wa kundi la shule za eneo moja. Aliketi nyuma ya darasa na kishikwambi chake, akafuatilia somo, kisha akawaita wanafunzi watatu, mmoja mmoja, wamsomee kifungu kwa dakika moja huku akihesabu maneno waliyoyasoma sawasawa. Baada ya kipindi alizungumza na mwalimu kuhusu palipolegea: pengine watoto waliikariri hadithi kwa pamoja, nusu yao wakitazama dirishani. Nauli yake ilirejeshwa kulingana na ziara zilizorekodiwa katika kishikwambi, utaratibu mdogo uliofanya kazi ambayo nyaraka nyingi za wizara hazingeifanya.

Mashaka yangu yako katika kipimo. Msomaji fasaha alitarajiwa kusoma maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza, tofauti inayoeleweka kwa kuwa maneno ya Kiswahili ni marefu zaidi. Lakini kasi hupimika kwa urahisi kuliko ufahamu, na mtoto wa Turkana au Samburu, ambaye lugha ya nyumbani kwao si Kiswahili wala Kiingereza, akitamka kila silabi bila kosa anaweza kufika mwisho wa hadithi asijue imesimulia nini. Sera ya elimu inataka lugha ya eneo itumike katika madarasa hayo, na PRIMR ilikwisha kujaribu vitabu vya Kikamba na Kibukusu. Tusome ilipotanuka hadi nchi nzima, nguvu zilielekezwa kwenye Kiswahili na Kiingereza. Hilo naliona pengo kubwa kuliko lile la mwongozo, ambalo mwalimu mwerevu hulipitia pembeni.

Kuhusu fedha, ziara za darasani ziliegemea mno mifuko ya wafadhili. Iwapo Wizara italazimika kuchagua cha kugharimia kwanza kwa bajeti yake yenyewe, ningeitanguliza nauli ya afisa mbele ya vishikwambi vipya.