Shokapu za gari lililonyanyuliwa: zipi za kununua kwa barabara za Mwanza na kando ya ziwa

Mtu akinyanyua gari, fedha huishia kwenye springi na tairi. Shokapu husubiri "mwisho wa mwezi", na mwisho wa mwezi hauji. Simama kwenye tuta lolote kati ya Igoma na Kisesa uangalie: Prado refu linavuka, tairi linang'aa, halafu mkia unaendelea kudunda mara tatu nne wakati daladala iliyo nyuma yake imeshatulia. Springi mpya ngumu, shokapu zile zile za zamani.

Hapa nazungumzia magari yaliyopanda kati ya milimita 40 na 75, yaani inchi moja na nusu hadi tatu, kwa sababu wengi wetu tunaishia hapo: Land Cruiser mkonga, Prado, Hilux, Surf, Defender, Patrol. Aliyepanda zaidi ya hapo ana kazi nyingine kwenye shafti, mipira ya breki na mikono ya chini, na shokapu peke yake haitamwokoa.

Urefu kwanza, jina baadaye

Muuzaji atakuuliza gari ni aina gani na la mwaka gani, kisha atakuletea boksi. Swali linalopaswa kutangulia ni hili: gari limepanda kiasi gani, na limepandishwa kwa kitu gani?

Shokapu ya kawaida kwenye gari lililopanda inchi 2 inakuwa imenyooka kupita kiasi hata gari likiwa limeegeshwa. Gurudumu likiingia shimoni linataka kushuka zaidi, shokapu haina tena cha kutoa, na ule mgongano unaousikia chini ya miguu ni pistoni ikigonga mwisho wa njia yake. Iliyo ndefu mno ni mbaya zaidi. Gurudumu linapopanda, shokapu inafika mwisho kabla ekseli haijagusa ile raba nene ya kuzuia, na uzito wote wa gari unaishia kwenye jicho la shokapu, ile pete ya mwisho inayofungwa, na bolti yake. Kinachofuata ni kuchomelea chasisi.

Kwa hiyo pima. Gari likiwa juu ya jeki zilizo imara, na chasisi imeshikwa vizuri, fungua shokapu na uache ekseli ining'inie hadi mpira wa breki ukaribie kukaza, bila kukaza. Pima kutoka katikati ya bolti ya juu hadi ya chini. Kisha toa springi, inua ekseli kwa jeki hadi iguse raba ya kuzuia, upime tena. Tuseme umepata milimita 580 na 370. Unatafuta shokapu inayofunguka hadi karibu na 580 na inayojifunga chini ya 360, ili ibaki nafasi ya sentimita moja au zaidi. Kampuni zinazojiheshimu huandika namba hizo mbili kwenye katalogi. Kama muuzaji hana katalogi, toa futi yako hapo hapo kaunta, usione haya.

Wenye Prado, Hilux mpya na Surf za miaka ya mwisho wasome hapa taratibu. Mbele ya magari haya shokapu na springi vimeshikana. Kama fundi alikuwekea spesa, yaani kipande cha chuma cha kuinulia gari, juu ya kikombe kinachoshika springi, urefu wa shokapu yenyewe haujabadilika, hivyo mbele unanunua ya urefu wa kawaida. Kama alibadili springi, mambo ni tofauti: unatafuta iliyotengenezwa kwa gari lililopanda. Nyuma, kwa vyovyote vile, unahitaji ndefu. Na kazi ya kutenganisha springi hiyo ya mbele haifanywi kwa kamba na nondo. Springi iliyobanwa ikiponyoka inaweza kuua. Gereji isiyo na kibanio chake maalumu, ondoka.

Ya kwanza: silinda mbili, mwili mnene, ya sponji

Kwa mtu wa Mwanza anayeishi na gari lake, chaguo langu la kwanza ni shokapu ya silinda mbili iliyotengenezwa kwa magari ya porini. Mifano ni Ironman Foam Cell na Tough Dog za sponji, zote za Australia. Old Man Emu Nitrocharger Sport ya ARB ni ya silinda mbili pia, ila hutumia gesi.

Sababu ni mawe. Ndani ya shokapu ya silinda mbili, pistoni hutembea kwenye silinda ya ndani, na ile ya nje ni ghala la oili. Jiwe likiruka na kubonyeza bomba la nje, pistoni haina habari. Wanaopanda Isamilo, Bwiru na vichochoro vya Mabatini kila jioni wanajua jinsi mawe yanavyogonga tumbo la gari. Shokapu ya silinda moja ikibonyezwa vile vile, pistoni inakwama au sili, ile raba inayozuia oili isivuje, inaliwa, na hiyo ni ya kutupa.

Sponji nayo ina kazi yake. Shokapu hugeuza mtikisiko kuwa joto kwa kuisukuma oili kupita kwenye matundu madogo. Oili ikichanganyika na gesi inatoa povu, na povu halizuii kitu; gari linaanza kuelea. Kwenye shokapu za namna hii, vyumba vidogo vya sponji vilivyozibwa huchukua nafasi ya gesi huru, kwa hiyo hakuna cha kuchanganyika. Ubaya wake? Ni nene, na kwenye baadhi ya magari hukaribiana na springi au bomba la breki. Joto pia hutoka polepole kuliko kwenye silinda moja.

Jambo moja dogo ambalo mafundi wengi huliruka: shokapu za silinda mbili hulazwa dukani, na zikilala hewa au gesi huingia panapotakiwa oili. Kabla ya kufunga, isimamishe wima kama itakavyokaa garini, ibane na kuivuta mara kadhaa hadi isiwe na sehemu inayoteleza bure. Ukiruka hatua hiyo utarudi dukani kulalamika kwamba umeuziwa mbovu.

Ya pili: silinda moja ya gesi ya shinikizo kubwa

Bilstein B6 ndiyo inayotajwa zaidi. Pistoni yake ina kipenyo cha milimita 46, oili na naitrojeni vimetenganishwa kwa pistoni ya pili inayoelea, na joto linatoka moja kwa moja kwenye bomba la nje. Kwa anayepeleka wageni Serengeti kupitia Lamadi na lango la Ndabaka, hii inapanda hadi nafasi ya kwanza. Barabara za hifadhini zina mikunjo kama bati, na gurudumu hutetemeka juu yake kwa saa nzima bila kupumzika. Hapo ndipo shokapu ya bei rahisi huchemka na kuacha kufanya kazi huku kwa nje ikionekana nzima. Kipindi cha mvua ule udongo mweusi wa Ndabaka una shida nyingine, lakini hiyo ni ya tairi na winchi.

Nimeiweka ya pili kwa sababu mbili: bei, na mawe niliyoyasema. Na hakikisha unapewa ya urefu wa gari lililopanda, maana B6 nyingi zilizoko sokoni ni za urefu wa kiwandani.

Ya tatu: zenye kitufe cha kurekebisha

Tough Dog na Rancho RS9000XL zina hatua 9 za ugumu. Zinamfaa mwenye pikapu inayokwenda Magu tupu na kurudi na magunia ya mpunga, kwa sababu springi za mzigo zikikosa mzigo hurusha gari. Kama gari lako hubeba familia tu, utageuza kitufe wiki ya kwanza, kisha utasahau kiko wapi. Matope yakikauka juu yake, hakigeuki tena bila kupuliziwa.

KYB, kwa masharti

Wajapani hawa hutengeneza shokapu za kiwandani za magari mengi tunayoendesha, na Excel-G ni bidhaa nzuri kwa gari la kawaida. Kwa gari lililopanda inchi 2 nyuma, hapana, ni fupi. Mbele penye spesa, ndiyo. Tatizo kubwa ni feki. Boksi huigwa vizuri kuliko shokapu, kwa hiyo kagua chuma: fimbo iwe na kromu laini isiyo na mikwaruzo, uchomeleaji wa jicho uwe mstari mmoja safi. Kisha ibane hadi chini na uiachie. Excel-G ina gesi, itapanda yenyewe polepole. Ikibaki pale pale, mrudishie mwenyewe hata akikuapia, "Hii orijino bosi, mzigo umeingia jana."

Zenye chupa ya nje na zile za mashindano

Hizi zina chupa ya ziada ya oili na gesi nje ya mwili wa shokapu. ARB BP-51 yenye silinda ya milimita 51, Fox na ndugu zao ni kazi nzuri kweli. Pia zinahitaji kufunguliwa na kufanyiwa sevisi baada ya muda, kwa vifaa na gesi ambavyo gereji ya kawaida haina. Kama huna mpango wa kuzituma mbali zikahudumiwe, umenunua pambo.

Za kutonunua

Mtumba. Sili ya shokapu iliyokaa miaka kumi Japani na miezi bandarini imeshazeeka, hata kama fimbo inang'aa. Nyingine ni zile zinazotobolewa, kujazwa oili upya na kuchomelewa. Hiyo oili ni ya aina yoyote iliyokuwepo, gesi haipo, na gari litatulia wiki mbili tatu tu.

Nunua kwa jozi, mbele mbili au nyuma mbili, kamwe si moja. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mtu wa Sengerema au Geita anakuja mjini, anachagua na kurudi siku hiyo hiyo bila foleni ya kivuko, kwa hiyo hana sababu ya kuchukua fupi eti ndiyo iliyokuwepo karibu. Wa Ukerewe bado yuko kwenye ratiba ya kivuko. Yeye apige simu kwanza na vipimo vyake mkononi.

Siku ya kufunga, mwambie fundi asikaze bolti za bushi, zile raba zilizo ndani ya jicho la shokapu, gari likiwa juu ya jeki. Zishikize tu, lishushe likae kwa uzito wake, ndipo akaze. Bushi iliyokazwa gurudumu likining'inia hujipinda kila gari linapotembea, na hupasuka mapema. Kisha kwenye fimbo iliyo wazi funga kamba ya plastiki ya kubania nyaya, isukume hadi iguse mwili wa shokapu, upite njia yako mbaya kuliko zote. Utakaporudi, pale kamba iliposimama ndipo shokapu ilipofika. Ikiwa imesukumwa hadi mwisho kabisa wa fimbo, shokapu hiyo ni ndefu mno kwa gari lako, irudishe kabla risiti haijapauka.