Nilikodi rubani wa droni kwa kwanjula mbili hapa Kampala, huu ndo uzoefu wangu

Mimi sikuwa na mpango wa kukodi mtu, nilitaka kurusha mwenyewe. Napiga video za harusi na kwanjula (ile sherehe ya Kiganda ya bwana harusi kutambulishwa ukweni), Kampala na Wakiso zaidi, na siku hizi mteja hata bei hajauliza ashauliza "droni mnayo?" Basi nikamtuma binamu yangu aliyeko Dubai aniletee DJI Mini 3, nikachagua hiyo makusudi kwa sababu ina gramu 249 na kwenye YouTube kila mtu anaimba wimbo huo huo, chini ya gramu 250 huna haja ya kusajili. Sikujiuliza hao wanaoimba wako nchi gani. Wako Marekani! Na hata huko Marekani msamaha huo ni wa mtu anayerusha kujifurahisha tu, ukishalipwa kupiga harusi ya watu unatakiwa uwe na cheti cha FAA, mamlaka ya anga ya huko, na droni isajiliwe hata ikiwa nyepesi kama unyoya. Hapa kwetu droni ni mambo ya usalama kwanza, kamera baadaye. Inataka ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, yaani UCAA, na kibali cha Wizara ya Ulinzi, na hizo karatasi unazitafuta kabla mzigo haujaingia nchini. Wangu ukaingia mikono mitupu, forodha wakaushika, binamu akapewa karatasi ya kushikiliwa akanikabidhi kama zawadi ya safari.

Kosa ni langu, sibishani. Ila wateja wawili nilikuwa nimeshawaahidi droni na advansi nimekula.

Nikaulizia ulizia kwa wapiga picha wenzangu, wengi wakanipa namba za vijana wanaorusha kwa laki mbili na nusu, ukiuliza karatasi anakwambia "wee usijali, tunajua pa kusimama". Mmoja tu akanijibu tofauti, akaniambia nimtumie lokesheni kwanza ndo tuongee bei. Kampuni yao siitaji maana nina malalamiko pia, mtayaona huko chini. Bei yake laki sita kwa siku, yeye na msaidizi, usafiri juu yangu, nusu unatuma kwa mobile money kabla. Nikasema huyu anajiona rubani wa Boeing.

Kwanjula ya kwanza ilikuwa Lweza, barabara ya Entebbe. Nikamtumia lokesheni, baada ya dakika tano akapiga simu, "Kaka, hapo sirushi." Mbona? "Kajjansi." Mimi kichwani mwangu uwanja wa ndege ni Entebbe, na Entebbe iko mbali na hapo, kumbe nimesahau kabisa kile kiwanja kidogo cha Kajjansi ambacho ndege za wamishonari na za watalii wanaokwenda mbuga zinarukia hapo kila siku. Akaniambia ruhusa ya hapo ni stori nyingine kabisa, lazima wenye anga wakubali siku ile na saa ile, na zimebaki siku nne haiwezekani. Tukabishana sana. Nikamwambia nitapanda mita thelathini tu juu ya hema, nani ataona? Akasema yeye hawazi nani ataona, anawaza nani atagongwa. Advansi yangu akasema ihamie kazi ya pili.

Nilikasirika sana, na mteja akanikata pesa. Lakini siku yenyewe niko Lweza na tripodi yangu, wakwe wamepanga foleni na vikapu kichwani, mara mngurumo, Cessna Caravan ikapita juu yetu chini kabisa, gomesi, yale magauni ya sherehe ya kina mama, zikapepea (labda ni upepo tu lakini mimi nasema ni ile ndege), bibi mmoja akashika kikapu chake cha nyanya kwa mikono miwili. Namba za tumboni nilizisoma kwa macho. Nikapiga hesabu ya ile mita thelathini yangu halafu nikanyamaza, na video ya ule mngurumo ninayo, nimeuacha kwenye editi.

Ya pili ilikuwa upande wa Gayaza, hapo akakubali. Na hapa ndo nilianza kuelewa laki sita inakwenda wapi. Siku mbili kabla alishafika kijijini, akaonana na mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya kijiji, akapita polisi kuwaachia nakala, na akapiga hodi kwa majirani wa pande zote mbili. Mimi hilo la majirani niliona ni maringo. Kumbe mzee wa nyumba ya nyuma alimwambia wazi, "Mwanangu, ukipita juu ya ua wangu mabinti zangu wanafua, tutaonana," na jamaa akachora njia ya kurushia isiyopita kule kabisa. Tuna sheria ya kulinda data na faragha toka 2019, lakini sheria gani itakusaidia mzee akishatoka na panga.

Siku ya kazi amekuja na droni ya Mavic 3, kibandiko cha namba ya usajili ubavuni, faili la plastiki lina kibali cha Wizara, ruhusa ya UCAA, bima, na barua inayotaja eneo, tarehe na saa. Na kweli saa tisa hivi wakaja askari wawili kwa pikipiki, wamevutwa na ule mlio. Moyo wangu ukashuka miguuni. Yeye akashusha droni kwanza, akazima, ndo akafungua faili. Askari akasoma tarehe kwa kidole, akasoma jina la kijiji kwa kidole, akauliza serial namba, akainama kuilinganisha na ya kwenye mashine. Dakika saba. Halafu wakapewa matoke na soda, mmoja akaomba aone video. Wale vijana wa laki mbili na nusu hapo wangesema nini sijui, na kamera zangu zingepanda pikipiki pamoja nao.

Vitu alivyokataa ni vingi, mkae mkijua. Juu ya hema zenye watu hapiti, anapiga kwa pembeni, nilimbembeleza ile shoti ya juu kabisa ya vikapu vyote akasema subiri waviweke chini wasogee. Mita 120 hazidi. Isiyoonekana kwa macho harushi, hata kama kontrola inaandika kilomita ngapi. Giza likianza anafunga, na si mnajua wakwe zetu, walitakiwa saa nane wakafika saa kumi, kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu alipokunja mfuko mimi bado nataka taa za jioni. Betri kwenye boksi wameandika dakika 46, yeye ikifika thelathini iko chini.

Na ndege wenye mabawa! Hili sikuwahi kuliona kwenye sheria yoyote. Msaidizi kazi yake ilikuwa kuangalia juu tu. Kaloli, wale korongo wakubwa wa jalalani, walikuwa wanazunguka kama kawaida yao pale penye sherehe, hao hawana shida, wavivu, shida ni mwewe. Mwewe mmoja alishuka mara mbili kwenye ile Mavic, ya pili naona kabisa kucha zimetoka, msaidizi anapiga kelele "kulia, kulia!" na shangazi wa bibi harusi akasimamisha hotuba yake tukatazama wote juu. Ikapona. Shangazi hakufurahi.

Sasa malalamiko. Video nilisubiri siku tisa wakati tulikubaliana tatu. Halafu amepiga D-Log, ile rangi iliyofifishwa ili uitengeneze mwenyewe kwenye editi, bila kuniuliza, zimekuja kijivu kama maji ya kuoshea masufuria, usiku mbili mzima narudisha rangi ya gomesi. Na klipu ya bwana harusi akiingia haipo, anasema alikuwa anabadili betri. Laki sita na anabadili betri saa hiyo! Nyota nne, ya tano amekula huyo bwana harusi.

Ukiwa na kazi moja moja kama mimi kodi mtu mwenye faili, muulize barua ya tarehe yako na eneo lako, sio ya mwaka jana ya kazi nyingine, na mtumie lokesheni kabla hujamuahidi mteja kitu. Mwenye kazi kila wiki afuate vibali vyake mwenyewe, inawezekana, Kalangala huko droni zimeshapeleka dawa za wagonjwa visiwani, kwa hiyo sio kwamba serikali haitaki vitu hivi. Na wa mbugani msisahau UWA, mamlaka ya wanyamapori, nao wana ruhusa yao, hii ya Kampala haifanyi kazi kwa simba.

Mini 3 yangu bado imelala forodha. Ila propela za akiba nilikuwa nimeziagiza mapema zikafika salama, seti mbili, hazijafunguliwa, mwenye droni halali anicheki inbox nampa nusu bei.