Tona ya 12A isiyo ya HP: je, yafaa kwa printa za zamani hapa Lamu?

HP LaserJet 1020 ilitoka mwaka 2005, na bado utaikuta kwenye saiba za Lamu ikichapa barua, fomu na nakala za vitambulisho. Imedumu kwa sababu katriji yake ya tona (unga wa kuchapia), Q2612A, ambayo madukani huitwa 12A tu, haina chipu. Printa haina njia ya kujua nani kaitengeneza, kwa hiyo tona ya kampuni nyingine huingia na kuchapa, kwa bei ya chini sana kuliko ya HP yenyewe.

12A huingia pia kwenye 1010, 1012, 1015, 1018, 1022, 3050 na M1005, na Canon LBP2900, ambayo boksi la katriji yake huandikwa 703. Ukikosa 12A, uliza 703. Ila angalia herufi: M1005 hutumia 12A, P1005 hutumia 35A, na hazibadilishani. Ukiagiza tona Mombasa kwa simu, usitaje "1005" peke yake.

Mpya ya kampuni nyingine, iliyofungwa, tunaipendekeza bila kusita. Ya kujazwa inatutia wasiwasi, na shida si unga tu. Ndani ya katriji hiyo hiyo mna dramu (silinda inayobeba picha ya ukurasa), wembe wa mpira unaoipangusa, na kisanduku cha kukusanya unga uliobaki. Fundi anayetoboa tundu na kumimina gramu zake 100 huacha kisanduku kile kimejaa. Kikifurika, unga humwagika juu ya karatasi na ndani ya printa. Ukiona doa linajirudia, chukua rula. Likirudi kila milimita 75 hivi, huo ndio mzunguko wa dramu: imekwaruzika, na kujaza tena hakutaiponya. Unga wenyewe lazima uwe wa 12A, wenye sumaku. Wa Samsung au Brother hauna, na haushiki kwenye rola ya 12A.

Kagua hapo hapo dukani, kabla mzigo haujapanda basi la Mokowe na kisha boti. Mfuko mweusi uwe haujafunguliwa. Utepe wa kuziba unga uwepo, kwani katriji isiyo na utepe humwaga unga ikitikisika njiani. Inua kifuniko cha dramu kwa sekunde chache tu: iwe inang'aa, bila mstari wala alama ya kidole. Mwanga huiharibu, basi ifunike upesi.

Nyumbani, iinamishe kushoto na kulia mara tano au sita, iweke mezani, kisha vuta utepe wote kwa mkono ulionyooka, polepole. Ukikatikia ndani, kurasa zitatoka nyeupe.

HP huitaja 12A kwa kurasa 2,000, lakini hesabu hiyo ni ya wino uliofunika asilimia 5 ya ukurasa. Nakala ya kitambulisho yenye kingo nyeusi hula zaidi ya hapo, kwa hiyo punguza weusi kabla ya kuchapa.

Na unyevu wa hapa pwani usiusahau. Karatasi iliyolala wazi kwenye trei hunyonya maji, ikatoka imejikunja na maandishi yamefifia, na lawama ikaiendea tona bure. Toa za kutumia siku hiyo tu, rimu iliyobaki ifunge kwenye nailoni.

Ukilazimika kujaza, muulize fundi kama anamwaga unga uliobaki kisandukuni na kubadilisha dramu na wembe. Akisema anatoboa tu, chukua mpya.